Yaeda: Shamba Lisilojua Jembe

Barabara ya kutoka Karatu kwenda Mang'ola huanzia kwenye udongo mwekundu wa kahawa na ngano, ikateremka hadi kwenye joto la bonde la Ziwa Eyasi, na kabla ziwa lenyewe halijaonekana msafiri hulakiwa na vitunguu. Vitunguu vya Mang'ola vina jina mpaka masoko ya Dar es Salaam na Nairobi. Vinanyweshwa kwa mifereji inayotoka kwenye chemchemi za Qangded, na msimu ukifika magunia hupangwa kando ya njia yakisubiri malori. Mimi nilisafiri bonde hili, na baadaye upande wake wa Mbulu mpaka Yaeda Chini, kwa ajili ya chakula kingine kabisa, kisichopimwa kwa gunia wala kupita mnadani: chakula cha Wahadzabe. Nimerudi na hoja moja. Mhadzabe akishikwa na njaa leo, hashikwi kwa sababu halimi. Anashikwa kwa sababu ardhi inayomlisha imehesabiwa kuwa haitumiki, na ardhi ikishahesabiwa hivyo, anayefika na jembe au na ng'ombe huonekana ndiye mtu wa kwanza kuikuta.

Wahadzabe ni watu elfu moja na ushei, waliotawanyika kuzunguka ziwa katika wilaya za Karatu, Mbulu, Mkalama na Meatu. Lugha yao, yenye sauti za midoko, haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, hata Kisandawe ambacho nacho kina midoko na kiko jirani. Ni mia chache tu kati yao wanaopata bado karibu chakula chote porini; wengine huchanganya pori na unga wa mahindi, vibarua vya kulinda mashamba, na fedha za watalii. Njiani huko, watu wanaowatazama kwa mbali husema hawa ni watu wa kubahatisha, wanakula wanachokutana nacho. Kauli hiyo inasemwa bila ubaya, lakini ndiyo mzizi wa mengi. Mtu anayebahatisha hahitaji mahali maalumu. Unaweza kumhamisha akabahatishe kwingine. Kwa hiyo inafaa kuangalia kwa karibu chakula chenyewe kinapatikanaje.

Nianze na viazi vya porini, kwa kuwa ndivyo wageni wasivyovipiga picha. Wanawake hutoka kwa kundi, wenye watoto wachanga wakiwa wamewabeba, kila mmoja na mti wake wa kuchimbia: fito ngumu iliyochongwa ncha kwa kisu na kukaushwa motoni. Ncha ikibutuka huchongwa tena palepale, na fito huzidi kufupika kadiri siku zinavyokwenda. Kinachotafutwa zaidi ni //ekwa, mzizi mnene wa mmea unaotambaa ulio ndugu wa kunde. Juu ya ardhi mmea huo ni kijiti chembamba kilichojisokota kwenye kichaka, na mgeni atakikanyaga bila kukiona. Mchimbaji hukifuata mpaka kinapozama, hugonga ardhi na kusikiliza, kisha huchimba kuzunguka mawe na kuyabinua moja baada ya jingine, kwa sababu mizizi mizuri hupenda kujificha chini yake. Moto huwashwa hapohapo. Mizizi huchomwa kwa dakika chache, gamba likalegea na kuchunwa, kisha hutafunwa. Maji na utamu humezwa, nyuzi hutemwa. Sehemu huliwa pale na sehemu hubebwa kwenda kambini.

Watafiti walipowaomba Wahadzabe wapange vyakula vyao vikuu kwa kupendeza, yaani asali, nyama, matunda madogo, ubuyu na viazi, asali ilitangulia na viazi vikashika mkia. Hilo linaweza kumfanya mtu avidharau. Lakini viazi vina sifa ambayo asali haina: vipo mwaka mzima. Anne Vincent, aliyevichunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1985, alionyesha kwamba hazina iliyo chini ya ardhi ile ni kubwa na haitegemei msimu mmoja. Mkulima hujaza ghala, akalala macho kwa ajili ya panya na fukusi. Mwanamke wa Kihadzabe ameliacha ghala lake chini ya mawe, analifungua kwa kiasi cha leo. Waisanzu, majirani wakulima wa upande wa kusini, wamewahi kuingia pori hilihili na kuishi kwa chakula cha Wahadzabe katika miaka ambayo mvua ziliwanyima mavuno. Anayekimbiliwa wakati wa njaa hawezi kuitwa mbahatishaji.

Vyakula vingine hujipanga juu ya msingi huo wa viazi. Mbuyu, ambao mtoto wa pwani anaujua kwa ubuyu wa sukari na rangi nyekundu, Yaeda ni chakula cha kushibisha: tunda hupasuliwa, na mbegu pamoja na unga wake mweupe hutwangwa kwa jiwe, ukapatikana unga wenye mafuta unaokorogwa kwa maji. Mvua huleta matunda madogo, ya mikole na vichaka vingine, ambayo watoto huyala siku nzima bila kusimamiwa na mtu. Watafiti wamepima na kukuta kwamba watoto wa Kihadzabe hujipatia wenyewe sehemu kubwa ya mlo wao wa mchana. Kiangazi kikikaza, wanyama hulazimika kuja kwenye maji machache yaliyobaki, na wawindaji huwasubiri hapo usiku. Kila kimoja kina wakati wake na mahali pake, na kambi huhama kukifuata. Kuhama huko, kunakochukuliwa na wengi kuwa ndio ushahidi kwamba watu hawa hawana makazi, ndiyo kalenda yao ya kilimo, kama ningeruhusiwa kuazima neno la mkulima.

Asali inaonyesha jambo hili kuliko chakula kingine. Mwanamume huchonga vigingi vya mti mgumu na kuvipigilia kwenye shina laini la mbuyu, kimoja juu ya kingine, akipanda hatua kwa hatua huku anabeba kijinga kinachofuka moshi, mpaka kwenye tundu la nyuki lililo juu kuliko paa la nyumba. Mibuyu mingine ina alama za vigingi vya zamani zilizokwisha kuziba, na juu yake vipya. Lakini kabla ya kupanda lazima mti ujulikane, na hapo huingia mlembe, ndege anayelia na kurukaruka mbele ya watu kuwaongoza kwenye nyuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kumfuata mlembe humwongezea Mhadzabe kasi ya kupata nyuki zaidi ya mara tano. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood wakachapisha jambo la kushangaza zaidi. Wahadzabe humwita mlembe kwa mluzi. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji humwita kwa mkoromo na mguno. Mlembe wa bonde la Eyasi alipopigiwa sauti zote mbili, uwezekano wa kuitikia mluzi wa wenyeji wake ulikuwa zaidi ya mara tatu. Maana yake ni kwamba mapatano kati ya mtu na ndege yamekuwa ya mahali. Mhamishe Mhadzabe umpeleke pori jingine lenye mibuyu na nyuki tele, bado utakuwa umemnyang'anya ndege anayemjua.

Kuhusu nyama, nitasema machache, maana upinde na mshale wenye sumu vimesemwa vya kutosha na kila mwongoza watalii. La muhimu ni hesabu. Mtafiti Kristen Hawkes na wenzake walikuta kwamba mwindaji mmoja hufanikiwa kuangusha mnyama mkubwa takriban mara moja kwa siku 30 za kuwinda. Hakuna familia inayoweza kuishi kwa bahati ya namna hiyo, na ndiyo sababu mnyama mkubwa hawi mali ya aliyempiga. Nyama hugawanywa kambi nzima, na mwindaji hana mamlaka ya kumnyima mtu. James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwa kirefu jinsi mgawanyo huu unavyozuia mtu yeyote kuwa bwana juu ya wengine. Kwa upande wa wachimbaji, Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waligundua kwamba mama akijifungua na kushindwa kuchimba kama kawaida, ukuaji wa mtoto aliyeachishwa ziwa hufuata kazi ya bibi yake. Bibi akichimba sana, mjukuu huongezeka uzito. Dunia ya sayansi ililichukua jambo hilo kueleza kwa nini wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Kwangu lina maana ya karibu zaidi: wenye kuijua ardhi ya Yaeda kwa undani, jiwe kwa jiwe, ni akina bibi, na hao ndio wasioitwa kwenye vikao vya ardhi.

Sasa tugeukie jinsi nchi ilivyoitazama ardhi hiyo. Tanzania imekuwa taifa la jembe kwa imani na kwa kaulimbiu. Azimio la Iringa la 1972 lilibeba jina la Siasa ni Kilimo, na hata kabla yake, katikati ya miaka ya 1960, Serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini ili wafundishwe kulima na kukaa pamoja. Nia ilikuwa njema, sina shaka. Msongamano ulileta maradhi, chakula cha msaada hakikudumu, na wengi wao wakarudi porini. Wenye mpango wakaona ukaidi. Lakini mtu aliyetoka kwenye kijiji chenye njaa na homa akaenda mahali penye viazi, asali na maji ya kujulikana amefanya uamuzi wa kiuchumi ambao mkulima yeyote angeufanya. Mawazo ya wakati ule hayajaisha, yamehamia kwenye sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla, imejumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Kwa kijiji cha wakulima tofauti hiyo ni mjadala wa mawakili. Kwa watu ambao chakula chao kimezikwa chini ya mawe na kuning'inia juu ya mibuyu, inaweza kuwa mwisho wa mambo, kwa sababu matumizi yao hayaachi matuta wala ua.

Upande wa Mang'ola unaonyesha kinachotokea. Chemchemi ni maji ya vitunguu sasa. Vichaka vilivyokuwa na matunda vimefyekwa, na mwanamume aliyekuwa akisubiri wanyama kwenye maji hana maji ya kusubiria. Upande wa Yaeda, kiangazi huleta mifugo ya Wadatoga na ya wengine waliobanwa kwao; ng'ombe hula mimea inayotambaa, ambayo ndiyo alama ya kiazi, na wanyama wa porini huondoka penye kengele na mbwa. Sisemi haya kuwashtaki Wadatoga, ambao wenyewe walinyang'anywa malisho yao ya Hanang kwa mashamba makubwa ya ngano, wala wakulima wa vitunguu, ambao wanasomesha watoto kwa zao hilo. Ninasema kwamba kila aliyefika aliona ardhi tupu, na aliyekuwapo hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba haikuwa tupu.

Hapa hutolewa pingamizi la kwanza, nalo ni zito: watu elfu moja hawawezi kuachiwa eneo kubwa hivyo wakati nchi inaongezeka watu na inahitaji chakula. Mtafiti Frank Marlowe aliwakuta Wahadzabe takriban 1,000 katika kilometa za mraba 4,000 hivi, na ukigawanya, kila mmoja ana eneo ambalo mkulima wa Mbulu hawezi kuliota. Lakini mgawanyo huo unadhani kwamba ekari ya Yaeda ni sawa na ekari ya Mbulu juu milimani. Sivyo. Bonde lina mvua haba isiyotabirika, miamba na migunga. Mashamba yaliyofanikiwa karibu na Eyasi yamefanikiwa penye chemchemi, na chemchemi hizo zimekwisha kushikwa. Ukiwafukuza Wahadzabe kutoka kwenye vilima vya mawe hutapata vitunguu zaidi. Utapata mahindi yanayokauka miaka mingi kuliko inayovunwa, na mkaa. Pori lile linazalisha chakula bila mbolea, bila dawa, bila mkopo, na bila kuomba mahindi ya msaada kama kilimo kinavyofanya katika maeneo makavu. Hesabu ya haki ingeuliza ardhi hiyo ingetoa nini ikilimwa, na kwa miaka mingapi.

Pingamizi la pili linagusa uhai, na sitaki kulipita haraka. Kwa takwimu zilizokusanywa na Blurton Jones na wenzake, takriban mtoto mmoja kati ya watano hufa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawafiki miaka 15. Anayesifu maisha ya porini bila kutaja watoto hao hastahili kusikilizwa. Hata meno yana neno: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwakuta wanaume wanaoishi porini wakiwa na meno mengi yaliyooza, jambo ambalo watafiti walilihusisha na asali na tumbaku, huku kijijini wanawake ndio walioumia zaidi. Pori si pepo. Hata hivyo, tuulize nini kinawaua watoto. Kwa sehemu kubwa ni magonjwa ambayo nchi hii inajua kuyazuia na kuyatibu: vichomi, kuhara, malaria, surua. Dawa yake ni chanjo, zahanati, mkunga na maji safi. Mmasai hakuambiwa auze ng'ombe ndipo apewe chanjo, na mvuvi wa Kilwa hakuambiwa achome ngalawa. Kwa nini Mhadzabe peke yake aambiwe kwamba huduma ya afya inakuja pamoja na jembe? Kijiji kikipata zahanati, na pori likabaki, mtoto atapata vyote viwili. Pori likiondoka, zahanati itamkuta na utapiamlo.

Wapo pia wanaosema kwamba Wahadzabe wenyewe wanataka kubadilika, na kwamba hoja kama yangu inataka kuwafungia kwenye makumbusho. Kubadilika kupo, na ni haki yao. Ncha za mishale yao hufuliwa kutokana na misumari, visu hununuliwa au kubadilishwa kwa asali, na kijana akitaka simu au shule asizuiwe. Ila tutofautishe badiliko la kuchaguliwa na badiliko la kubanwa. Mwanamke anayekula ugali wiki nzima kwa sababu mizizi ya karibu imeliwa na ng'ombe hajachagua kitu. Utalii wa Mang'ola nao ni badiliko la aina hiyo: wageni hufika alfajiri, hutazama uwindaji wa saa chache, hulipa, na sehemu ya malipo huishia kwenye pombe inayouzwa jirani. Fedha inaingia, lakini ujuzi unauzwa ukiwa maonyesho, katika mahali ambapo wanyama wa kuwindwa wamekwisha. Sikuona humo njia ya kulinda chakula.

Njia niliyoiona ina nguvu iko Yaeda. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikuwa karibu kupewa bonde hilo liwe kitalu cha uwindaji. Wahadzabe walipinga, kelele zikasikika hadi nje ya nchi, na mwishoni mwa mwaka huo kampuni ikajiondoa. Ilibaki wazi kwamba kampuni nyingine ingekuja. Kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya haki miliki ya kimila ya pamoja, kwa zaidi ya hekta 20,000. Kabla ya hapo hati za namna hiyo zilizoeleka kutolewa kwa mtu au familia. Hii ilitolewa kwa watu kwa pamoja, na ilikubali kwa maandishi kwamba kuchimba mizizi, kuwinda na kurina asali ni matumizi ya ardhi. Baadaye ukaja mradi wa kaboni unaoendeshwa na Carbon Tanzania: msitu usiokatwa wala kuchomwa huwaletea wanakijiji fedha za hewa ukaa, zinazotumika kwa matibabu, ada za shule na posho za walinzi wa msitu. Yapo ya kujadili juu ya biashara ya kaboni, na bei zake zinapangwa mbali sana na Yaeda. Lakini angalia kilichofanya ifanikiwe hapa: hati ilitangulia, fedha zikafuata. Bila hati, fedha hizo zingemfuata yeyote anayedai msitu ni wake.

Kwa hiyo ninaloomba ni la kiutendaji. Vijiji vingine vinavyozunguka ziwa vitaendelea kupangiwa matumizi bora ya ardhi, na ramani za mipango hiyo zina rangi za makazi, kilimo, malisho na hifadhi. Ziongezewe eneo la kuchimba na kukusanya, lichorwe na wanaolijua. Timu ya upimaji itembee na akina bibi, wala isiishie kwa mwenyekiti na wazee wa kiume. Ioneshwe ni kilima gani chenye mizizi, ni mbuyu upi una nyuki kila mwaka, ni dimbwi lipi hubaki na maji Oktoba. Itembee mara mbili, masika na kiangazi, kwa sababu ramani ya kiangazi pekee itaacha mikole na ya masika pekee itaacha madimbwi. Mapatano na wafugaji yataje njia za ng'ombe na miezi, ili mimea ya //ekwa ipate muda wa kuchipua. Wapangaji watasema kazi hiyo ni ya siku nyingi na posho ni nyingi. Yaeda tayari kuna fedha za kaboni zinazowalipa vijana kulinda msitu, na bibi anayewaonyesha wapimaji mahali chakula kilipo anafanya ulinzi uleule. Alipwe kutoka fungu hilohilo.